Saa ya Kutazama kwa Macho Mapya

3 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku wazima, isipokuwa goti la Mama Mdogo, ambalo linatabiri mvua kila siku na mvua hainyeshi. Anakusalimu. Bado anawasimulia majirani jinsi ulivyonipokea mlangoni mwaka jana tulipokuja kumzika Mama, ulivyonyoosha mikono ukaniita "Dada", na watu wote waliokaa sebuleni wakaangua kilio. Kila akisimulia anaongeza mtu mmoja aliyezimia. Sasa wamefika wanne.

Simu yako haipatikani. Fundi viatu, jirani yako, alimwambia Mama Mdogo kwamba umeifungia kwenye droo. Basi, tuandikiane barua kama zamani. Na mimi nina jambo.

Wiki iliyopita miwani yangu ilitumbukia kwenye sufuria la supu. Jiko letu la hoteli unalijua, kama nilivyokueleza. Nikifunua sufuria mvuke unapanda, vioo vinakuwa vyeupe, na mimi nabaki nimesimama na mfuniko mkononi mpaka vikauke. Siku hiyo niliipandisha kichwani, nikainama kuonja chumvi, ikateleza. Mpishi mkuu aliiopoa kwa upawa mbele ya watu wote akauliza ni mgeni wa meza gani aliyeagiza. Tulicheka. Lakini Desemba hatukucheka, maana nilimmwagia mwenzangu maji ya moto mguuni kwa sababu nilikuwa nimevua miwani niifute na sikumwona akipita. Alilala nyumbani majuma mawili.

Kwa hiyo nimeamua kufanyiwa upasuaji wa macho wa leza. Sikuombi ruhusa, nina miaka thelathini na miwili. Ila sitaki kwenda bila baraka zako, kwa kuwa miwani ya kwanza ulinivalisha wewe. Nilikuwa na miaka sita, nimekaa juu ya meza yako ya kutengenezea saa, nikainua saa ya mezani mpaka ikagusa pua. Ukamwambia Mama, "Huyu mtoto haoni." Mama akasema naona vizuri sana, nina kimbelembele tu. Kesho yake ukanipeleka mwenyewe bila kumuuliza mtu.

Niambie unaonaje.

Mpwa wako,
Miwani


20 Februari

Mpwa wangu Miwani,

Marahaba. Mimi mzima na kazi ipo. Kinachonisumbua ni balbu. Za siku hizi ni takataka, nimebadilisha tatu tangu mwaka uanze na zote zinatoa moshi badala ya mwanga. Nimesogeza meza hadi mlangoni nifanyie kazi jua la asubuhi. Wapita njia wananisalimu kila dakika, hata kibano sishiki vizuri.

Mwambie mama yako mdogo aache kutia chumvi. Hakuna aliyezimia. Na hayo ya mlangoni tuyaache.

Baraka unazo. Lakini mimi si mtu wa kutoa baraka gizani, nataka kujua. Je, wanakulaza usingizi au unabaki macho ukiona kifaa kinakuja? Ukipepesa kope itakuwaje? Ukitikisika? Inachukua muda gani? Ukitoka mtu wa kukushika mkono lazima awepo, au mtu anayeishi peke yake anaweza? Na je, wana umri wa mwisho wanaokubali? Nijibu yote, usirukeruke kama kawaida yako.

Saa ya mama yako, ile ndogo ya mkononi ya kutia ufunguo, bado iko kwangu. Nilimwahidi nitaitengeneza akiwa hai nikachelewa. Nimeanza kuifungua.

Fundi viatu anakusalimu. Anasema supu ile angekuwa yeye angeinywa.

Mjomba wako


11 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mama Mdogo amefurahi kusikia uko salama, ila amenuna kidogo kuhusu chumvi. Goti limetulia. Mvua imenyesha.

Nimekwenda kupimwa. Ukikaa wanakuwekea kidevu kwenye kipande cha plastiki na kukuambia utazame picha ya nyumba iliyo mwisho wa barabara. Nyumba inakuwa na ukungu, halafu inajisafisha yenyewe, halafu ukungu tena. Wakapima unene wa ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, maana ikiwa nyembamba wanakukatalia. Yangu inatosha. Nimepangiwa tarehe 9 Aprili.

Majibu yako ni haya. Hawalazi mtu, wanaweka matone ya ganzi tu. Kope hazipepesi kwa sababu kuna kifaa kinachozishikilia wazi. Ukitikisika kidogo mashine inalifuata jicho, ukitikisika sana inajizima. Macho yote mawili ni kama dakika kumi na tano. Mtu wa kukushika mkono anatakiwa, na Mama Mdogo ameshajitangaza kuwa ni yeye, ametafuta na viatu vya siku hiyo.

Swali lako la umri limenichekesha. Nimekwambia nina miaka thelathini na miwili, Mjomba, si sabini.

Mpwa wako,
Miwani


28 Machi

Miwani,

Marahaba. Hatujambo.

Katika kifurushi hiki mna saa ya mama yako. Nimeifunga kwa mikono yangu mwenyewe, sikumpa mtu. Usiifungue sasa. Ifungue ukishatoka kwa daktari, iwe kitu cha kwanza kutazama kwa macho mapya. Tena itakufaa, maana nasikia dawa za macho zinawekwa kwa saa.

Hujaniambia mtu akiwa mwoga wanamfanyaje. Nauliza kwa ajili yako.

Fundi viatu anasema usikubali waanze na jicho la kushoto. Sababu hana.

Mjomba wako


12 Aprili

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Naandika siku ya tatu, kwa vipande, maana nimeambiwa nisikaze macho kwenye karatasi muda mrefu. Nimepona. Naona. Nakueleza yote kwa mpangilio ili usiseme nimerukaruka.

Tulifika saa mbili asubuhi. Nilikatazwa manukato, poda na wanja, kwa hiyo nilikwenda na sura niliyozaliwa nayo. Wakanivika kofia ya karatasi, wakanisafisha kope, wakanitia matone ya ganzi mara tatu. Yanachoma kidogo, halafu jicho linakuwa si lako. Mama Mdogo alibaki nje akitazama kwenye runinga ya ukutani, kwani huko unaweza kuona upasuaji wa mtu wako jicho likiwa kubwa kama sahani. Nesi anasema alitazama nusu dakika, akageukia ukuta.

Unalala chali. Wanafunika jicho moja. Kwenye jicho lingine wanaweka kile kifaa cha kushika kope, kisha pete inayolibana jicho lenyewe, na hapo giza linaingia. Hakuna maumivu, ni kubanwa tu, kama mtu amekugandamiza kwa kidole gumba. Hilo la giza hakuna aliyeniambia kabla, nami nilishtuka. Daktari akasema, "Hesabu nami mpaka ishirini." Tukahesabu wote wawili kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza. Hivyo ndivyo wanavyomfanya mtu mwoga, Mjomba. Wanahesabu naye.

Halafu wanafungua kifuniko chembamba cha ngozi ya jicho, na unaambiwa tazama taa ya kijani, usiiache. Taa inasambaa kama rangi kwenye maji. Mashine inagonga-gonga haraka haraka, na kuna harufu ya nywele zilizoungua. Nilijisikia mwenyewe nikisema, "Kuna kitu kinaungua." Daktari akajibu, "Ni wewe," bila kusimama. Baada ya hapo wanarudisha kifuniko, wanakilainisha kama mtu anayebandika stempu, basi. Jicho la pili ni hivyo hivyo, ila hapo nilikuwa mzoefu.

Niliketi. Ukutani palikuwa na saa. Niliiona, lakini kama kupitia mvuke wa jikoni. Daktari akauliza saa ngapi, nikasema saa nne na dakika ishirini, akasema sawa. Mjomba, bila miwani! Mama Mdogo alilia kwenye korido, mimi nikamwambia aache kwa sababu mimi mwenyewe nimekatazwa kulia.

Nyumbani ndiko kulikuwa na kazi. Ganzi iliisha kama saa sita mchana, na macho yakaanza kuwasha kama nimekata gunia zima la vitunguu. Nilivaa miwani ya jua ndani ya chumba, pazia limefungwa, machozi yanatiririka. Kufikicha marufuku. Kugusa maji usoni marufuku. Nimebandikwa vikombe vya plastiki juu ya macho kwa plasta ili nisijisahau usingizini, nafanana na inzi. Mama Mdogo alikaa pembeni ya kitanda ameshika mikono yangu yote miwili, na kila nilipojaribu kuinua mmoja aliupiga kofi. Nililala masaa mawili, na nilipoamka muwasho ulikuwa umepungua. Nikaona nyufa za dari. Miaka yote nimelala chumba hiki sikujua kwamba dari ina ufa wenye umbo la kiatu. Nimekaa nautazama tu, nafurahi peke yangu.

Dawa ni chupa mbili, moja kila baada ya saa mbili, nyingine kila baada ya saa moja, na lazima dakika tano zipite kati ya tone na tone. Nafuata redio ya Mama Mdogo, inatangaza kila saa.

Kesho yake nilirudi kupimwa. Nilisoma herufi za ubaoni mpaka mstari wa mwisho kabisa. Jikoni narudi baada ya wiki mbili, kwa sababu ya moshi na mvuke.

Saa ya Mama imefika. Inakwenda. Asante sana.

Mpwa wako,
Miwani (tutatafuta jina lingine)


5 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba, na pole, na hongera. Barua yako imenipa raha. Hilo la kuhesabu mpaka ishirini limenikaa.

Nimeisikia mara tatu sehemu ya dawa. Kwa nini ufuate redio wakati nimekupa saa?

Tena unaniambia "inakwenda". Miaka thelathini na tano nakaa na wateja. Mtu akiipenda saa yake anasema imekuwa mpya. Akisema inakwenda, ana lake moyoni.

Mjomba wako


30 Mei

Mpwa wangu,

Hujajibu. Saa inakwendaje?

Mjomba wako


14 Juni

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mama Mdogo mzima. Mimi nimerudi kazini na mvuke haunipati tena.

Nimeianza barua hii mara nne nikaichana. Leo najikaza.

Saa haiko sawa, Mjomba. Niliifungua siku ile ile ya kwanza, nilipoamka, kama ulivyoagiza. Redio ilitangaza saa nane kamili. Nikatazama. Mshale mrefu ulikuwa juu kabisa, sawasawa, lakini mshale mfupi umekaa katikati, si saa nane si saa tisa. Nikafikiri ni macho. Nikavua miwani ya jua, nikasogea dirishani nilikokatazwa, bado. Nilijua upasuaji umeharibika. Sikumwambia Mama Mdogo. Nililala nimegeukia ukuta mpaka asubuhi, nikijiambia nimeyachezea macho yangu kwa sababu ya sufuria la supu.

Kesho yake nikausoma ule ubao wote. Daktari akaniambia naona kuliko yeye. Nikarudi nyumbani mbio, nikaishika saa tena. Mshale mfupi ulikuwa pale pale, nusu saa kando ya mahali pake.

Wewe ndiye uliyenifundisha, nimekaa juu ya meza yako, kwamba saa hufungwa kuanzia saa sita kamili, mishale miwili ilale pamoja kama watoto wa kitanda kimoja, ndipo uibonyeze mahali pake. Ulisema anayekosea hapo arudi kwao akalime. Na chini ya kioo mna unywele mmoja mweupe. Ulikuwa hutaki hata nipumue karibu na saa iliyo wazi.

Nimetoa barua zako zote, nimezipanga sakafuni. Herufi zote zenye mkia, y na j na g, zimekatwa miguu. Umeandika juu ya ukingo wa rula ili mstari usikupotee. Ya Februari ina maneno kumi kwa mstari, ya mwezi uliopita ina manne. Balbu tatu hazitoi mwanga. Simu iko kwenye droo. Fundi viatu anajua mambo ya supu niliyokuandikia wewe. Na maswali yale yote, ya mtu anayeishi peke yake, ya umri wa mwisho, ya mtu mwoga! Nami nikacheka.

Mjomba wangu haoni.

Ulinipeleka kwa daktari wa macho bila kuniuliza kama nataka. Nimemweleza daktari wangu habari zako. Anasema inaweza kuwa kitu cha kuondolewa kwa asubuhi moja, au inaweza kuwa kitu ambacho kikichelewa hakirudi, na hakuna anayeweza kujua bila kutazama ndani ya jicho. Nenda ukatazamwe. Ukichelewa hutaifunga saa tena maisha yako yote, na mimi nitakuwa nilijua nikanyamaza kwa sababu ya adabu. Nimeshanyamaza miezi miwili. Naona aibu.

Saa naivaa kila siku hivyo hivyo ilivyo.

Mpwa wako


22 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Uhesabu maneno ya mstari huu, kisha uangalie mikia ya herufi. Rula nimempa fundi viatu, anapimia soli.

Barua yako alinisomea yeye, kama alivyosoma zote. Alipofika kwenye unywele mweupe alijifanya anakohoa. Nikamwambia endelea. Alipomaliza nikamfukuza dukani, nikakaa na hasira majuma matatu. Hasira yenyewe ilikuwa kwa sababu umeiona kazi yangu mbaya. Watu wengine waniambie naelekea upofu, sawa, lakini si mtu niliyemfundisha mishale.

Ilianza kama miaka miwili nyuma. Kwanza niliona mwezi mara mbili, kisha namba ndogo zikaniacha, kisha rangi zikawa za chai. Wateja watatu niliwaambia saa zao hazitengenezeki. Zilikuwa zinatengenezeka. Ya mama yako niliifunga kwa vidole na kwa kukumbuka, nikaisikiliza mapigo, yakawa safi, nikajidanganya kwamba nimeweza.

Nilikwenda mwezi wa saba. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari, binti mdogo kuliko wewe, akasema ningechelewa zaidi ingekuwa kazi ngumu, lakini sijachelewa. Si leza yako, huku wanatoa kioo kilichochakaa cha ndani ya jicho na kuweka kipya. Jambo hilo nililielewa haraka kuliko wagonjwa wote waliokuwa kwenye benchi. Jicho la kulia lilifanywa tarehe 6 mwezi huu. La kushoto ni mwezi ujao, kwa hiyo fundi viatu ameridhika.

Nilikuwa na woga, sikufichi. Nikamwomba yule binti ahesabu nami mpaka ishirini. Akasema hapa hatuhesabu, mzee. Nikahesabu peke yangu, nilipofika mia mbili na kumi akasema tumemaliza.

Kesho yake walipofungua bandeji nilirudi dukani kwa miguu. Nikawasha taa. Balbu haina ubaya wowote. Nikazitoa zile mbili za zamani kwenye kopo, nikazijaribu, nazo nzima. Duka chafu mno, sijui wateja walikuwa wanavumilia nini. Fundi viatu amezeeka sana, tena kwa ghafla. Nilimwambia, akasema na mimi pia.

Sasa ya mlangoni. Nilisema tuyaache, lakini mtu akishasema ukweli nusu anabaki amesimama kama mshale wako. Siku ile ya msiba watu wote walilia kwa kuwa nimeita "Dada". Walidhani ni uchungu. Uchungu nilikuwa nao, Mungu anajua, mpaka leo ninao. Lakini mimi niliona mtu amesimama penye mwanga, urefu ule, bega lile, akachelewa kusema, na sikujua ni nani. Nikabahatisha. Nikamwita mtu tuliyekuwa tunamzika siku ile, kisha nikaacha watu wanifute machozi kwa kosa la macho. Wewe ulinikumbatia ukalia zaidi ya wote. Hilo ndilo limenikaa rohoni mwaka mzima, ndiyo maana nilitaka saa ikufikie.

Sijauona uso wako sawasawa tangu ulipokuwa na miaka ishirini na tisa. Na sijawahi kuuona bila miwani tangu ulipokuwa na sita.

Saa usiitume kwa posta. Ivae, uje nayo. Nitaifungua mbele yako, nitatoa unywele wangu, nitailaza mishale saa sita kamili, na wewe utakaa pale juu ya meza kama zamani, kama meza itakubeba. Njoo asubuhi, mlango una jua. Ukifika usibishe hodi wala usiseme neno. Simama tu hapo mlangoni, mimi nitakuita.

Mjomba wako